Mkono Uliorudi Nusu

Mafundi wenzake walimwita Milimita, kwa sababu mkasi wake haukukosea hata unywele. Mimi namwita baba mdogo, maana ni mdogo wake baba. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama kwenye meza moja ya kukatia vitambaa, katika karakana ya suti, na wengine wote walishona alichokata yeye. Asubuhi moja, akiwa anavaa soksi, kiharusi kikampiga upande wa kulia.

Mwenye karakana, mama mmoja asiye na maneno mengi, alisema meza itamsubiri miezi sita. Tangu hapo baba mdogo hakuwa na swali jingine kliniki: "Mkono utarudi?"

Dada wa mazoezi ya viungo alimjibu kwa kumwonyesha televisheni. Juu yake palikuwa na kijisanduku cheusi chenye kamera. Hakuna cha kubonyeza. Unasimama mbele yake, na mwili wako ndio unaocheza. Machungwa yanarushwa hewani, unapitisha mkono, yanapasuka vipande viwili.

"Nimekata suti za mabwana harusi, leo nikate machungwa ya hewa?"

"Kata tu, fundi," akasema mzee mmoja kwenye foleni. "Chungwa halirudi kulalamika kwamba kwapa linabana."

Wiki za kwanza ile mashine ilimtesa. Akijikuna, ilidhani amekata; akikata, haikuona. Muuguzi alikatiza nyuma yake, na pointi zote zikaenda kwa muuguzi. "Mashine gani hii yenye kengeza!" baba mdogo akafoka. Lakini nilimsindikiza kila Jumamosi, na sikusimuliwa: mkono uliokuwa unaning'inia kama taulo kwenye msumari ulifika kifuani, ukafika begani, na miezi minne ilipotimia, ukapita kichwa. Mazoezi mengine yote aliyafanya kwa kusukumwa. Haya aliomba mwenyewe raundi ya pili. Rafiki yangu darasani alisema michezo ya namna hiyo ni mbwembwe tu, watu huichoka baada ya wiki moja. Nilibishana naye mpaka mwalimu akatusimamisha wote wawili.

Kitu kimoja tu sikukielewa. Kwenye skrini mashine ilimchora baba mdogo kwa mistari: bega, kiwiko, kifundo, kisha donge jeupe. Vidole havikuwepo. Nikamuuliza dada wa mazoezi.

"Haivioni," alisema. "Vidole vina zoezi lake, la udongo."

Udongo wenyewe, laini kama unga uliokandwa, ulikaa kwenye kopo nyumbani. Baba mdogo aliufinya siku mbili, akauacha. Haukuwa na pointi.

Miezi sita ilipotimia, dada aliandika kwenye kadi yake: "Mkono umerudi." Baba mdogo aliisoma mara tatu. Jumatatu alinyoa ndevu, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, tukaenda karakana pamoja.

"Karibu nyumbani, Milimita!" mafundi wakapaza sauti. Aliinua mkono juu kabisa, wakapiga makofi. Mezani palikuwa na kitambaa cha bluu iliyoiva, mstari wa chaki umeshachorwa. Akashika mkasi. Kidole gumba kikaingia. Vile vingine vikakataa kufunguka. Akausukuma mkasi kwa nguvu za bega, ukatafuna kitambaa, ukaruka chaki, ukadondoka sakafuni. Mwenye karakana akakikunja kile kitambaa taratibu, sehemu iliyoharibika ikiwa ndani.

Tulikwenda kliniki moja kwa moja.

"Dada, uliandika mkono umerudi."

"Umerudi, fundi. Si ulikuwa huwezi hata kuuinua?"

"Huu ni wa kupungia watu! Mimi siku zote nauliza ule wa kukatia."

Dada akaichukua ile kadi, akaisoma tena. Kuanzia begani hadi kwenye kucha, sisi tunaita mkono. Yeye aliandika wa juu, baba mdogo akasoma wa chini, na kwa miezi sita hakuna aliyeuliza ni upi.

"Ule udongo uliufinya?" akauliza.

Baba mdogo akatazama viatu vyake.

"Tutajaribu," dada akasema. "Ila miezi ya mwanzo ndiyo huwa na faida kubwa. Siwezi kukuahidi."

Meza sasa ina mkataji mwingine, mwanamke aliyetoka karakana ya jirani. Baba mdogo wamempa pasi, maana pasi huisukuma kwa bega, vidole vikiwa vimefungwa kwenye mpini kwa utepe. Jana nilimpitia karakana baada ya shule. Alikuwa ananyoosha koti, na bega moja la koti hilo lilikuwa limekatwa pungufu. Hata mimi niliona.

"Baba mdogo, hapo si pamepinda?"

"Nimepaona."

"Mbona humwambii mkataji?"

Akaisukuma pasi. Mkono ulikwenda wote, bila taabu, hadi mwisho wa ubao.

"Mwenye meza hajaniuliza," akasema, akavuta koti lililofuata.