Punda wa Shujaa

Siku hizi kila mwenye televisheni na deki anafungua banda la video. Juzi, siku ya soko, niliingia la Ngaramtoni kukwepa jua. Shujaa wa filamu alikuwa akiwakimbia majambazi, akimswaga punda mwenye sikio lililochanika. Wakaingia mtoni. Walipotokea ng'ambo, punda alikuwa na masikio mazima.

Mzee mmoja mfugaji akainuka na kuelekeza fimbo kwenye kioo. "Simamisha mkanda! Yule punda si wake."

"Shikamoo, mzee," akasema mwenye banda. "Ni makosa ya wapiga picha tu. Kaa, tafadhali."

"Marahaba. Sikio haliponi kwa kuvuka maji. Rudisha nyuma."

Mwenye banda akagoma. Mzee naye hakukaa, na alikuwa ameziba kioo chote. Mwishowe mkanda ukarudishwa, tukaona sote. Mama mmoja mwenye kapu la vitunguu akauliza, "Sasa mwenye punda atabebaje mzigo wake?"

Basi, kwetu ushujaa wake ukaishia hapo. Majambazi walipomkaribia tuliwashangilia, maana sasa tulijua wanamfukuzia nini. Alipowashinda na kumkumbatia mchumba wake, banda lilikuwa kimya kama msibani.

Nawaambia wanaotutengenezea filamu: shujaa wenu akimiminiwa risasi asife, tutavumilia. Lakini msimbadilishie punda njiani halafu mkataka tumpigie makofi.

Mzee alitoka wa kwanza. Nilimkuta nje alikomfunga punda wake, akimpapasa masikio, moja baada ya jingine.