Kaka Alisema Vitabu vya Baba Vililiwa na Mchwa

Admin, nifichie jina tafadhali, maana wifi yangu ni mfuasi mkubwa wa ukurasa huu na anasoma mpaka maoni. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, fundi cherehani hapa Tabora mjini. Nashona sare za shule. Nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi, ndiyo maana nimewaletea nyinyi.

Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli. Hakuwa na maneno mengi, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: vitabu vya watoto vya yule bibi mwandishi ambaye wengi wa rika langu tumekua naye. Kila akipata kimoja anakivalisha jalada la gazeti na kukiweka kwenye sanduku lake la bati. Jioni ananisomea, hasa kile cha kobe msafiri, sauti ya kobe akiitolea puani. Akifika pa kukomea anachora nyota kwa penseli, na kesho yake mimi nakimbilia nyota. Nilipoolewa aliniambia, "Mama, sanduku hili ni la wajukuu utakaoniletea."

Baba alifariki wiki ile ile niliyojifungua mtoto wangu wa kwanza kwa upasuaji. Sikumzika. Nilipopata nguvu nikauliza sanduku. Kaka yangu, na tumezaliwa wawili tu, akanijibu, "Mdogo wangu, mchwa wamekula vyote. Tumetupa." Mama alikuwa pembeni anachambua mchele, hakuinua uso. Niliamini. Nililia kama nimefiwa mara ya pili, na kaka akanibembeleza.

Mwaka huu nikamnunulia mwanangu toleo jipya la kile cha kobe. Picha zinang'aa, lakini hadithi wameikatakata. Kobe wa Baba alikosa treni, akalia, akatembea juu ya mataruma ya reli mpaka akafika. Huyu wa sasa ukurasa wa pili kashapanda behewa. Mwanangu alikifunga akaniuliza, "Mama, ndicho hiki ulichokuwa unakililia?"

Wiki iliyopita nilikwenda Bukene kupima watoto sare. Kwenye nyumba moja kuna binti amegoma kusimama nimpime mabega mpaka amalize ukurasa. Nikachungulia anachosoma. Jalada la gazeti. Pembeni mwa ukurasa, nyota ya penseli. Futi ikaniponyoka ikaanguka chini.

Babu yake akatoka ndani nikamtambua. Ni mzee wa Kizaramo, mtani wetu, alifanya kazi reli na Baba. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Ee, Mnyamwezi! Leo ndiyo umekuja kukomboa? Nimezeeka nawangoja!"

Kwa wasiojua, sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Msibani mtani ananyakua kitu cha marehemu, anagoma kukirudisha mpaka wafiwa wamkomboe, hata kwa kuku, ili watu wacheke kidogo katikati ya kilio. Mzee alinyakua sanduku kwa kuwa alijua rafiki yake alivyolipenda. Akategemea jioni ile ile kaka atamfuata na jogoo. Kaka akamwambia mbele ya watu, "Nenda nalo tu, takataka za mzee hizo."

"Niliona aibu, mwanangu," mzee akaniambia. "Utani ukakosa mcheko. Nikasema nitavitunza, ipo siku mtakuja."

Nikamwomba nivichukue. Akatikisa kichwa. "Lete jogoo. Ila aje kaka yako, yeye ndiye aliyekabidhiwa msiba. Ukija peke yako sitakunyima, lakini ujue watu watasema kwenu kaka si mtu tena. Na ufanye haraka, mwisho wa mwezi kijana wangu ananihamishia Kisarawe."

Nilirudi Tabora nikamfuata kaka dukani kwake, sikuwa na salamu. Nikamwambia nimeliona sanduku Bukene, na mzee anataka aende yeye. Akasema, "Mimi nilipelekwa kijijini Choma nikiwa mdogo kuchunga ng'ombe wa baba mdogo. Ninarudi, nakuta wewe unasomewa kila jioni. Mimi alinisomea nani? Darasa la kwanza nilikaa na watoto wanaonifika kifuani. Lile sanduku sikutaka kuliona tena."

"Basi si ungeniambia ukweli?"

"Nikwambie nini? Na Bukene siendi."

Mama naye nilipombana alisema tu, "Ninyi mko wawili. Nilichagua msigombane." Kumbe alijua miaka yote hiyo.

Jamani, nina uchungu. Habari ya Choma ni kweli, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza kaka aliishije huko. Hilo linanichoma. Lakini alinitazama nikililia vitabu ambavyo mtoto wa watu alikuwa anavisoma Bukene, akanipangusa machozi na kunyamaza. Huo moyo aliutoa wapi? Wanangu wamekosa kitu pekee ambacho babu yao aliwaachia, na mwenye kosa anataka yaishe kimyakimya.

Jogoo nimeshanunua. Mwekundu, mkubwa, amefungwa mguu hapa jikoni ninapoandika. Nikimpeleka Bukene peke yangu nitapata sanduku na nitakuwa nimemvua kaka nguo mbele ya watu. Na Jumapili kaka anakuja kula kwangu na familia yake, Mama ndiye aliyepanga, eti tukae meza moja tuyamalize. Kila mtu kwetu anajua kaka akiona kuku wa kienyeji husahau mengine yote.

Nishaurini bila kunionea haya: huyu jogoo nimpandishe basi la Bukene, au Jumapili nimtie chunguni?