Mji Usio na Magharibi

Mume wangu ndiye aliyechora kwa penseli ramani ya safari yetu ya gari: Denmark, Sweden, Finland, hadi ncha ya juu ya Norway. Mimi nikapewa kazi ya kutafuta nyakati za swala kila tutakapolala. Nilikaa jikoni kwetu Bowie, huku ughaibuni, simu mkononi, nikiandika. Kila tulipopanda kaskazini, magharibi ilizidi kuchelewa: saa nne usiku, saa tano, karibu saa sita. Kwa mji wa mwisho simu haikutoa saa yoyote. Palikuwa na kistari tu, kwa sababu mwezi wa Juni jua la huko halizami.

Niliiweka simu mezani. Kwetu Tanga, magharibi ikikaribia, marehemu mama alikuwa akisimama mlangoni akituita ndani mara tatu, maana saa hiyo ndiyo majini hupita.

"Sasa huko ambako magharibi haiingii," nikamuuliza mume wangu, "majini hupita saa ngapi?"

"Majini hawapewi viza," akajibu, akacheka peke yake. Nikasonya.

Nje jua lilikuwa linazama. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza, akaingia mbio kutoka nyuma ya nyumba, akafunga mlango. Akaniuliza kwa hasira kwa nini nimemwita mara tatu wakati alishasikia mara ya kwanza.

Sikuwa nimemwita.

Mume wangu alinitazama. Kisha akaivuta ramani yake, akaufuta mji ule wa mwisho bila kuambiwa.