Sufuria ya Eufrosina

Karatasi ya vyakula vilivyokatazwa, vyenye histamini nyingi, kemikali inayovimbisha mwili, ilijaa pande zote mbili: nyanya, ndimu, maharage, parachichi, chokoleti, karanga, jibini, hata nyama iliyolala. Kwa mtu wa Tulyehualco, Meksiko, hiyo si karatasi ya daktari, ni hati ya kufukuzwa kwao. Eufrosina Galicia aliachiwa mahindi, maboga, mchele, na mbegu za mchicha.

Alishukuru kwa hizo mbegu. Miaka thelathini alikuwa akizikaanga mpaka zitumbuke, akizichanganya na asali ya sukari guru, akikata vipande na kuviuza karibu na kanisa. Wiki sita alikula vipande vyake mwenyewe, bila karanga, asubuhi na jioni. Midomo iliendelea kuvimba. Usiku mmoja koo lilibana hadi akaanza kuaga watu.

Daktari alimuuliza tena vipande vina nini. Mbegu na asali, Eufrosina akaapa, hakuna kingine. Basi, akasema daktari, mpaka Ijumaa. Uvimbe ukiendelea, mbegu nazo zitoke, mdomoni na mikononi pia. Maana yake aache kazi pekee aliyoijua.

Jumatatu alikaa jikoni akimtazama wifi yake Hermelinda akichemsha asali. Hermelinda akakata ndimu, akakamulia sufuriani.

“Wifi, hiyo imekatazwa.”

“Kuila ndiyo imekatazwa. Hii ni ya asali, isigande.”

Eufrosina mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukamua. Pale kwao hakuna aliyewahi kuhesabu ndimu ya asali kuwa chakula, kama ambavyo hakuna anayehesabu kuni. Na yeye alikuwa amemwapia daktari kwamba hakuna kingine.

Tangu siku hiyo alikula mbegu kavu, bila asali wala ndimu, kwa kijiko, akizisukuma kwa maji. Hermelinda alisema hata kuku wao hulishwa kwa heshima zaidi. Eufrosina alikula. Jumanne akavimba, mabaka yakamtoka shingoni. Jumatano akavimba kidogo, au alijiambia ni kidogo.

Alhamisi jioni, siku moja kabla ya kurudi kwa daktari, alifungua kola, akamwita wifi yake dirishani.

“Nitazame shingo. Usinibembeleze.”

Hermelinda, bila mzaha safari hii, alimgeuzia shingo kwenye mwanga.

“Mabaka ni yaleyale ya jana.”

“Hayakuongezeka?”

“Wala hayakupungua, wifi.”

Eufrosina alifunga kola, akachota kijiko kingine, akatafuna polepole, akisikiliza koo lake liseme ni ndimu au ni mbegu.