Makumbi ya pwani yalivyomchomea mama mwasumini wake

Wakuu, habari za majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe na sitatia chumvi, maana niliyotia kwenye bustani inatosha.

Mama yangu anaishi kijijini pwani, Moa, mimi niko mjini, Mabawa. Ardhi ya kule ni mchanga mtupu, unamwaga ndoo ya maji, ukigeuka pamekauka.

Ana kibustani cha mchicha na bamia, lakini roho yake iko kwenye mwasumini mmoja, mche aliotoka nao kwao Pemba alipoolewa. Kwa ajili ya huo anachota kisimani asubuhi na jioni, na goti linamsumbua. Iliniuma kumwona.

Nikaingia YouTube, nikaona watu wanachanganya unga wa makumbi ya nazi kwenye udongo, maji yanakaa. Nikajiona expert.

Jirani yake anasokota kamba. Anafukia makumbi kwenye tope la pwani miezi kadhaa yalainike, kisha anayaponda. Unga unaobaki anautupa, kwa hiyo nikaubeba bure magunia kwa magunia.

Mama akauliza, "Umeuosha lakini?"

Nikamjibu, "Mama, umekaa majini miezi yote hiyo, niuoshe nini tena?"

Mtoto wa pwani mimi, na sikukumbuka kwamba maji yenyewe ni ya bahari.

Nikauchanganya bustani nzima, mpaka kwenye shina la mwasumini. Wiki ya kwanza udongo ulishika unyevu kweli, nikapiga na picha. Wiki ya tatu mama akanipigia simu: mchicha wote umelala, na majani ya mwasumini yameungua kingo. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilipofika aliloweka konzi ya ule unga kwenye kikombe, akanipa. "Onja."

Nikaonja. Nilitamani ardhi inimeze.

Tukauchimbua wote, kisha tukamwaga maji mengi ya kisima kuisukuma chumvi chini. Yaani nilikwenda kumpunguzia ndoo, nikamwongezea. Na mchanga niliokuwa nautukana ndio uliotuokoa, kwa sababu haushiki kitu.

Safari hii nikamuuliza yeye kwanza. Akanionyesha makumbi yaliyopigwa na mvua miaka miwili nyuma ya banda. Tukayaponda, tukayaloweka na kubadilisha maji mpaka ulimi haukusikia chumvi, tukachanganya na samadi ya mbuzi iliyooza, juu tukatandaza majani makavu.

Sasa anamwagilia siku moja, anapumzika siku mbili. Mwasumini ulikufa upande mmoja, tukaukata upande huo tu, wa pili ukapona.

Mama hakunigombeza hata siku moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Juzi nimerudi Mabawa kutoka kwake, nafungua begi, nakuta asumini chache zimefungwa kwenye jani la mgomba. Za mwasumini ule ule. Nikaziweka kwenye kikombe cha maji kando ya kitanda.

Nilichojifunza: makumbi yanashika maji vizuri sana, ila yaonje kabla hujayaweka. Na mwenye bustani akikuuliza swali, usimjibu haraka kama mimi.

Wenye ardhi ya mchanga, nyie mnatumia nini? Na kama kuna mwingine aliyewahi kuharibu kitu cha mama yake kwa nia njema, aseme, nisijione niko peke yangu.