Kiingereza Changu cha Neno Moja

Nakumbuka siku moja nilimpa mzungu amri kwa Kiingereza chake mwenyewe, mwanangu, na wewe usianze kucheka kabla sijafika pa kucheka.

Nilikuwa nakamua ng'ombe katika shamba la mzungu upande wa Soy, siku zile mji wa Eldoret tukiuita Sikisti-foo, yaani sitini na nne, kwa namba ya shamba ulipojengwa. Kiingereza nilikuwa na neno moja tu, "bring". Kila asubuhi bwana wangu alisimama mlangoni akinguruma: bring ndoo, bring maziwa, bring maji! Nikajua maana yake ni leta. Basi nikaanza kutembea kambini kama karani, nawaambia watu Kiingereza nakimudu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Niliyetaka asikie ni Nekesa, msichana niliyempenda pale kambini. Aliyesikia ni baba yake, Mzee Wafula.

Maksai wa Mzee alibomoa ua wa mzungu jirani, akala mahindi, akafungiwa huko. Tukaambiwa kesho yake anapelekwa mnadani. Mzee alikuwa na maksai wawili tu wa kulimia, na mmoja havuti plau peke yake. Akanijia, mtu mzima vile, amevua kofia.

"Barasa, nasikia unajua Kiingereza. Nisemee. Huyo akirudi, tutaongea ile habari ya Nekesa."

Ningesema ukweli hapo, yangeisha. Lakini ujana, jamani! Nikamjibu, "Hiyo ni kazi ndogo, Mzee."

Tulimkuta yule mzungu jirani kwenye veranda akinywa chai na mkewe. Nikajiuliza, hili neno nimelisikia likisemwa vipi? Nikasimama vile anavyosimama bwana wangu, mikono kiunoni, nikanyooshea zizi kidole na kunguruma, "Bring!" Hakusogea. Nikapiga mguu chini. "Bring!"

Chai ikamwagika. Mzungu akainuka mwekundu kama nyanya, na kumbe Kiswahili anacho.

"Wewe! Nani nafundisha wewe kusema na mimi hivi?"

Uongo wote ukanitoroka, nikabaki na ukweli. "Ni bwana wangu, bwana. Mimi sijawahi kusikia likisemwa namna ingine."

Mkewe aliangua kicheko mpaka akashika meza. Mzee Wafula akapita mbele yangu, akasema polepole kwa Kiswahili, "Bwana, ng'ombe yangu imekosa. Nimekuja kuomba pole, na ua tutatengeneza." Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Tulirudi na maksai, na ua niliutengeneza mimi, siku mbili, mikono ikitoka malengelenge.

Tulipofika mtoni, Mzee alisimamisha maksai. Moyo wangu ulikuwa umeshamlilia Nekesa.

"Barasa, ulichukua neno la mtu na kiburi chake ukabeba pamoja. Nikikupa binti yangu, utamwambia alete chakula namna hiyo?"

"Hapana, baba."

"Mimi sijawa baba yako. Nenda kwanza ujifunze kuomba."

Nilijifunza mwaka mzima, mwanangu, Mzee akinichungulia, ndipo akanipa Nekesa.

Kwa hivyo lugha yoyote utakayosoma, usitosheke na maana ya neno. Sikiliza vile mtu mpole analitumia. Na usilolijua, sema hujui, maana heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mungu akupe ulimi wa kufungua milango, na mkwe mwenye subira kama wangu.

Sasa nenda jikoni kwa Nekesa wangu, umwambie naomba chai. Useme "naomba", tafadhali. Mpaka leo husikiliza ninavyoomba.