Mfunga Mzigo wa Kabula

Kuna Jumapili moja ya usichana wangu ambayo haijanitoka kichwani, na wiki hii, wanangu, mmenikumbusha kwa nguvu. Sikutaka kuandika. Macho yangu hayapendi kioo cha simu, na vidole vyangu vimezoea kitambaa, havijazoea herufi. Lakini nilisoma mliyomjibu Kabula kwenye kundi letu, nikaiweka simu juu ya cherehani, nikaichukua tena na kusoma upya nikidhani labda nimesoma vibaya. Sikuwa nimesoma vibaya.

Niwaeleze kwanza wale ambao hawatujui. Sisi tunaokutana Jumamosi uani kwangu hapa Isevya, mjini Tabora, hatuna kiwanda. Mmoja ni fundi simu, mwingine mwalimu, mwingine anauza vipuri vya baiskeli mjini, na mimi ni mshonaji niliyechoka miguu kabla ya mikono. Tunaunda mashine kwa vyuma chakavu kwa sababu tunapenda kuona kitu kilicholala kikianza kuzunguka. Hakuna anayetulipa, na nyumbani kwa baadhi yetu wanadhani tumerogwa. Wasioweza kufika wanatufuata kwenye kundi la WhatsApp.

Humo ndimo alimoingia Kabula. Ni binti mkulima wa Kaliua, hajawahi kushika hata msumeno wa chuma. Aliwaamkia wakubwa, akawasalimu wadogo, kisha akaeleza shida yake. Mama yake vidole vimekakamaa kwa maradhi ya viungo. Karanga zimevunwa, na kubangua ndiyo kazi ambayo mama huyo hataki kumwachia mtu. Kila jioni Kabula anamkuta na ungo mapajani, machozi yakimtiririka bila sauti. Basi akataka kumtengenezea mashine ndogo ya mkono, kabla vidole vile havijaharibika kabisa. Mwisho akauliza: "Naanzia wapi?"

Maneno mawili tu, mwanangu. Naanzia wapi.

Sasa tazameni mlichomjibu. Masanja, fundi simu wetu, nakutaja wewe kwa sababu nakupenda na kwa sababu ulikuwa wa kwanza. Ulianza vizuri, "Karibu sana dada." Ungeishia hapo ningekupikia wali. Lakini ukamwambia mambo ya mkono yamepitwa na wakati, atafute mota. Ukaeleza mota ipi. Ukaeleza kwamba mota hiyo ina kasi mno, kwa hiyo atahitaji puli mbili, na puli zinataka mkanda, na mkanda unataka kukazwa, ukatuma na video ya mtu wa nchi ya mbali anayeongea lugha ambayo hata wewe huijui. Mwalimu akasema mota haifai, umeme ukikatika je, afunge paneli ya jua. Muuza vipuri akasema kabla ya hayo yote kuna suala la beringi, akaanza kulieleza, na nadhani hadi leo hajamaliza. Mkabishana. Mkatumiana picha za mashine zenu wenyewe. Katikati ya kelele hizo Kabula aliandika, "Asanteni, hii ni kwa ajili ya mama tu," na hakuna aliyemsikia, maana mlikuwa mmefika kwenye aina za grisi.

Asubuhi yake tukaona maandishi yale madogo ya kijivu: Kabula ameondoka.

Na wewe Masanja ukauliza, "Huyu dada kakimbia nini? Si tumempa kila kitu?"

Ndiyo, mwanangu. Mlimpa kila kitu.

Sasa nirudi kwenye Jumapili yangu. Nilikuwa nimetoka Nzega kuja kushona hapa mjini, kwenye duka la nguo la mzee mmoja wa Kihindi aliyepanga cherehani zake kibarazani. Mikasi yetu ilikuwa butu. Haikukata kitambaa, ilikitafuna. Nikaingiwa na wazo: palikuwa na miguu ya cherehani iliyoharibika kichwa, pedali yake nzima, gurudumu lake zima. Nikifunga jiwe la kunolea pale juu, nikikanyaga, jiwe si litazunguka? Nilikuwa nalala na wazo hilo na kuamka nalo kama msichana mwingine anavyoamka na jina la mvulana.

Siku hizo wapenda mashine walikutana kila Jumapili barazani kwa Mzee Mrisho, mstaafu wa reli, wakinywa kahawa na kubishana. Nikaenda, nikaamkia, nikauliza kama Kabula alivyouliza. Mzee Mrisho mwenyewe hakuwepo, alikuwa msibani. Waliokuwepo walinipokea kwa furaha. Nataka ulishike hili, mwanangu: walikuwa watu wema. Hakuna hata mmoja aliyenitakia mabaya. Fundi mmoja aliyekuwa na sauti kuliko wote, tukimwita Kinubi, alisema fremu ya mbao itatetemeka, nitafute chuma cha reli. Mwingine akasema beringi za lori. Mwingine akataka gurudumu zito ili mwendo usikatike. Mwingine akaniuliza kwa huruma kabisa, "Jiwe moja, binti? Na la kulainisha je?"

Nikavibeba vyote. Wiki baada ya wiki nilizunguka gereji za mji huu nikiomba vyuma, na mashine ikawa inanenepa. Siku niliyoimaliza, pedali haikushuka. Nikamwita mwenzangu wa dukani, yeye akaweka mguu huu, mimi ule, tumeshikana mabega kama tuko ngomani, na yale mawe mawili yakazunguka nusu, yakatafakari, yakarudi.

Tajiri wetu, yule mwenye duka, alitoka ndani akatutazama.

"Binti," akasema, "hii mashine inanoa nini? Miguu?"

Kibaraza kizima kikacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya duka nikalia, na nikaamua kwamba mambo ya mashine hayakuumbiwa mtu kama mimi. Sikuwaza hata kidogo kwamba ushauri ulikuwa mwingi. Niliwaza kwamba akili yangu ni ndogo. Hiyo ndiyo sehemu inayonikasirisha hadi leo. Mgeni hamlaumu aliyembebesha, anajilaumu mwenyewe, anaondoka kimya, na nyinyi mnabaki mkiulizana kakimbia nini.

Mzee Mrisho akaja dukani kuchukua kanzu yake, akajikwaa kwenye chuma changu cha reli.

"Hii nini?"

"Ya kunolea mikasi, mzee."

"Imenoa mkasi gani?"

"Bado hata mmoja."

"Chuma cha reli nani kakwambia?" Nikamtajia. "Na haya maberingi?" Nikamtajia. Kila jina nililotaja alifumba macho, kama mzazi anayesomewa mashtaka ya wanawe.

Jumapili akanipeleka barazani kwake mwenyewe. Hakuketi, na kahawa aliikataa.

"Nani kamfungia huyu binti mzigo?"

Kinubi, akidhani wanasifiwa, akajibu, "Sote, mzee. Tumesaidiana."

"Ala. Sote."

Akawaambia habari ya babu yake, aliyekuwa mpagazi wa misafara, akitembea na pembe ya ndovu kichwani kutoka hapa Tabora mpaka pwani. Sijui kama misafara yote ilikuwa hivyo, mimi nasema nilichokisikia. Katika msafara wa babu yake, mgeni wa njia alifungiwa mzigo na mtu mmoja tu, yule atakayetembea mbele yake. Mwingine akitaka kuchomeka humo sufuria yake au mkeka wake, alimwomba mfunga mzigo, na mfunga mzigo alisema hapana mpaka wamelala kambi ya kwanza.

"Mnajua kwa nini?" akauliza Mzee Mrisho. "Kwa sababu mgeni hajui kukataa. Na kila anayemwekea kitu anasema ni kidogo tu, na kweli ni kidogo. Huyu anaweka sufuria, huyu kata ya maji, huyu kamba. Mgeni anaanguka kabla ya kambi ya kwanza, na wote wanampita wakisema, alikuwa dhaifu yule."

Kisha akamgeukia yule mwenye sauti.

"Kinubi," akasema, "utamfungia wewe. Jambo moja. Akilimaliza, ndipo umpe la pili."

"Mzee, lakini fremu yake..."

"Moja."

Nilimwona Kinubi akiyameza maneno kama mtu anayemeza kidonge kichungu cha klorokwini bila maji. Yalishuka kwa shida. Mwisho akanigeukia, akasema taratibu, "Toa vyote. Bakiza jiwe moja. Kanyaga."

Nikaenda nikatoa vyote. Nikafunga jiwe moja juu ya mbao yangu ya kwanza, nikakanyaga, na jiwe likazunguka, mwanangu, likazunguka likiimba, na cheche zikaruka kwenye ncha ya mkasi kama mbegu za ufuta kwenye kikaango cha moto. Niliukata ukingo wa khanga yangu mwenyewe kwa furaha tu. Ilitetemeka? Ilitetemeka sana. Baada ya muda mtetemeko ukanichosha, nikarudi kwa Kinubi kumuuliza niuzuie vipi, naye akaniambia, chuma cha reli. Safari hii nikakielewa. Zamani kilikuwa mzigo. Sasa kilikuwa jibu, kwa sababu nilikuwa nimepata swali lake.

Mashine hiyo ndiyo ile mnayoweka juu yake vikombe vya chai kila Jumamosi. Tangu siku ile hakuna mgeni wa baraza aliyekosa mfunga mzigo wake, na baraza lilipohamia uani kwangu baada ya kumzika Mzee Mrisho, desturi ilihama nalo. Uani mnaifuata, maana mnaniogopa. Kwenye simu mmeiacha. Kwenye simu humwoni mtu shingo ikipinda.

Nilimpigia Kabula.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umetukimbia."

"Sijakimbia bibi. Nimeona haya ni mambo ya wasomi, nisije nikawapotezea muda. Mbao nilizokuwa nimeandaa nimezibia banda la kuku."

"Na mama?"

"Mama yupo hapa. Anabangua."

Hapo nikaisikia, nyuma ya Kabula, karanga moja ikipasuka. Nikangoja ya pili. Ilichukua muda, mwanangu. Nilikaa na simu sikioni nikiisubiri karanga ya mwanamke nisiyemjua, na wakati huo huo kwenye kundi mlikuwa bado mnabishana kuhusu puli.

"Kabula," nikamwambia, "chukua konzi ya karanga, uzunguke kwa majirani utafute wavu wa chuma. Utafute ule ambao punje inapita na karanga yenye ganda haipiti."

"Halafu?"

"Hakuna halafu."

Akacheka kidogo. "Ndiyo hiyo tu bibi?"

"Ndiyo hiyo tu."

Jana ametuma picha. Wavu uko juu ya beseni, karanga zenye maganda zimekwama juu, punje nyekundu zimelala chini. Ameandika: "Nimeupata bibi, ni chekeche la jirani anayejenga. Mama kausogeza mwenyewe aone. Sasa nini?"

Sijamjibu. Nimemwambia atajibiwa leo na mfunga mzigo wake, na kwamba kundini atarudi pale tu mzigo ukiwa mikononi mwa mtu mmoja. Mtu huyo, Masanja, ni wewe. Usinune. Sikukuchagua kwa kukukomoa. Kila ulichomwambia kilikuwa kweli, mota ni kweli, puli ni kweli, hata yule mtu wa kwenye video nadhani alisema kweli. Unajua mengi kutuzidi sote, na ndiyo maana wewe ndiye mwenye kazi ngumu. Mimi nikimwambia jambo moja huenda ni kwa sababu sina la pili. Wewe itabidi uchague.

Basi shika haya, wewe na wote mnaosoma. Mtu akikuuliza aanzie wapi, mwambie pa kuanzia tu. Usimpe mashine yako, mpe hatua yake. Jipime kwanza: hili ninalotaka kusema, linamsaidia yeye leo, au linanikuna mimi? Usimtishe kwa hitilafu ambazo bado hajazifikia, atazifikia, na akizifikia atakuja mwenyewe kuuliza, na hapo utamwaga yote uliyonayo na atayapokea kwa mikono miwili. Anayetaka kuongeza kitu kwenye mzigo wa Kabula amwombe Masanja, na Masanja atasema hapana.

Mungu akupe, mwanangu, mikono isiyochoka kuunda na koo la kumezea maneno. Kila mgeni utakayemfungia mzigo afike kambi ya kwanza akiwa bado anataka kuendelea na safari. Na kule Kaliua, vidole vya mama yule vipate siku ya kupumzika juu ya khanga yake bila kazi yoyote.

Haya. Wavu anao, bado kuupinda na kupata ubao wa kubembea juu yake uvunje maganda. Unajua kipi kinatangulia. Mwandikie hicho, sentensi moja, kisha uzime simu uje unywe chai.